Mguu wa Kushoto wa Dada

Karakana ya Viatu, Gerezani
3 Februari

Shikamoo Dada,

Usishtuke kuona barua kabla ya mwisho wa mwezi. Siumwi, sijapigana na mtu, na sabuni uliyotuma bado ipo. Nina habari nzuri isiyongoja mwisho wa mwezi: nimepita mtihani wa darasani! Mimi huyuhuyu niliyekuwa nikisikia kipindi cha hesabu najificha chooni, nimepiga mahesabu ya ngozi mpaka Mwalimu akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nilisomea kwenye kibaraza cha posta, kwa baba yangu fundi viatu, na wakati huo sikujua kama nasoma.

Sasa umebaki mtihani wa mikono. Utaratibu wa hapa ni hivi. Kila mwanafunzi anashona jozi moja kamili, na siyo ya kuweka mezani ipigwe picha, ni ya mtu. Siku ya vyeti, mwisho wa Julai, mtu huyo anakuja, anavivaa, anatembea ukumbini kutoka mlangoni mpaka kwa watahini na kurudi. Wao wanaangalia na kusikiliza. Kiatu kikibana wataona, kikilia watasikia. Kuna mwenye kiwanda cha viatu huwa anaalikwa, anachagua wa kuwaajiri wakitoka. Mimi kifungo changu kinaisha Oktoba. Sihitaji kukueleza zaidi, wewe ni mtu mzima.

Asiye na mtu anamvalisha askari. Lakini mimi nina dada.

Unakumbuka Baba alivyokuwa anakutembeza? Mama wa watu akileta kiatu kubadilisha soli, Baba akimaliza anakwambia, "Haya, kivae, nenda mpaka kwenye sanduku la barua urudi." Yeye anafumba macho kusikiliza. Wewe unapita umenyanyua pua juu kama mke wa waziri, na mimi nyuma yako nimevaa mabuti ya mteja, nayaburuta, na ndipo uliponipa hili jina ambalo halijanitoka mpaka leo. Kisha Baba anafumbua macho: "Cha kulia kinalia. Lete." Basi wakati mwingine hapa karakana, mashine zikinyamaza, nasikia hatua zako kwenye ile sakafu ya posta. Nisikudanganye, nazisikia kabisa.

Nakuomba mambo mawili. Nichoree miguu yako kwenye karatasi, yote miwili, kama Baba alivyokuwa anatuchora kila shule zikifungwa. Halafu uje. Mwaka umekatika sijakuona, na sikulaumu, kazi ni kazi. Ila siku hiyo uje.

Mdogo wako,
Kisigino


20 Februari

Kisigino wangu,

Marahaba. Barua yako niliifungulia dukani, katikati ya mashati ya watu, nikaunguza kola moja. Bosi akaanza kunung'unika. Nikamwambia mdogo wangu amepita mtihani, kola kitu gani? Akaenda zake. Nimeisoma kwa sauti, na wenzangu wote wa pasi wanakusalimu.

Baba angekuwepo angezunguka nayo kibaraza kizima kuwaonyesha wateja, ameishika juu chini, maana unajua kusoma hakukuwa fani yake. Mimi nimeiweka kwenye kopo lake la misumari. Kopo bado linanuka gundi. Nikilifungua namwona kabisa, penseli sikioni, anapiga mluzi wimbo uleule asioujua mwisho.

Siku hizi napiga pasi nimekaa, bosi ameniletea stuli ndefu. Uzee huo, usicheke.

Kuhusu viatu, ahsante, lakini hebu tuwe wakweli, miguu yangu ni ya kuonyesha watu? Kidole gumba kimeota nundu, unyayo umepanuka kama mkate wa kuumuka. Tafuta askari mwenye mguu wa kistaarabu upate alama zako. Najua lakini kichwa chako kilivyo kigumu, ndiyo maana nakutumia wa kulia. Wa kushoto geuza karatasi. Mguu ni mguu.

Suala la kuja, tutaona. Usiweke moyo sana huko.

Dada yako


6 Machi

Shikamoo Dada,

Mguu wako nusura unipeleke chumba cha adhabu. Afande anayekagua barua kaniita ofisini, karatasi yako imetandazwa mezani, amekunja uso. "Hii ramani ya wapi?" Nikamwambia ni mguu wa dada yangu, afande. "Mguu gani una kilima hapa?" Nikasema hiyo ni nundu ya kidole gumba, ni ya ukoo, hata bibi alikuwa nayo. Akainyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akaniamuru nivue kiatu. Nikavua. Alipoiona nundu yangu alicheka mpaka akashika kiti, kisha akaigonga muhuri karatasi yako. Kwa hiyo ujue, mguu wako wa kulia sasa una muhuri wa serikali.

Lakini Dada, "mguu ni mguu"? Wewe? Binti wa yule mzee? Angekusikia angekufukuza kibarazani na nyundo mkononi. Si yeye aliyekuwa akitwambia kila siku kwamba hakuna binadamu mwenye miguu inayofanana, na fundi anayechora mmoja ni mwizi? Jirani yangu wa benchi aligeuza karatasi kama unavyotaka, Mwalimu akamfumulia mshono wote mbele ya darasa. Nichoree wa kushoto, tafadhali. Ni kazi ya dakika.

Na kuhusu kuja, nimeuliza. Siku ya vyeti ofisa ustawi wa jamii anapita stendi na gari kuwachukua ndugu. Kisingizio cha usafiri kimekufa hicho, tafuta kingine.

Kisigino


25 Machi

Kisigino,

Wa kushoto huu hapa. Usinisumbue tena.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Salamu.

Mwalimu wetu ni mzee mpole, anaongea kama maneno yanamwuma meno. Leo alizichukua karatasi zako mbili akazilaza juu ya ngozi, akaniuliza, "Wateja wako wangapi?" Nikasema mmoja. Akasema, "Hapa wapo wawili. Wa kulia ni mama mtu mzima, kazi yake ni ya kusimama. Wa kushoto ni msichana." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nifanyeje?

Sasa hapa nilipo sicheki. Nimeangalia mwenyewe. Mguu wa kushoto mwembamba, hauna nundu, vidole vimelala vizuri. Umeona kazi kuinama na kujichora, ukamwita binti wa jirani aweke wake, siyo? Nimekuomba kitu kimoja, cha penseli na karatasi, na hicho nacho umekifanya ili yaishe.

Kila Jumamosi ya wageni nafua shati, nakaa benchi la karibu na lango. Wenzangu wananiuliza, dada yako leo? Nawajibu ana kazi nyingi. Nimekutetea mpaka sasa naona haya. Kama umenichoka, Dada, sema umenichoka, nitaelewa. Kuwa na ndugu mfungwa siyo sherehe. Lakini usinichezee kwenye kiatu. Kwenye kiatu, hapana.

Nitamvalisha askari.

Kisigino


2 Mei

Mvalishe.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Naomba uisome hii mpaka mwisho, hata kama umenikasirikia.

Jana nilichukua karatasi ya mguu wa kushoto niichane. Nikaikunjua mara ya mwisho, nikapitisha kidole kwenye mstari, hivi tu, kama tunavyofundishwa kupima kabla ya kukata. Kidole kilipofika hapa ndani, kwenye upinde wa unyayo, mstari ukaruka. Umepanda ghafla kama mtu aliyeshtuliwa, ukashuka, ukaendelea na safari yake.

Mruko huo naujua.

Shule zimefungwa, tumekaa sakafuni, Baba amepiga magoti na karatasi ya kaki. Mguu wako wa kulia anaumaliza bila shida, hata angeuchoma sindano usingetikisika. Akija wa kushoto, penseli ikifika pale tu, unapiga yowe, unacheka, unarusha mguu. Kila mwaka, palepale! "Tulia wewe, nachora mguu hapa, sichori nyoka." Na mimi nakushikilia goti, nacheka kuliko wewe.

Hakuna binti wa jirani. Ni mguu wako, na penseli ni ya Baba. Nadhani ni ule mwaka ulipomaliza shule, akakushonea vile viatu vyekundu, ukavivaa mpaka vikakukataa. Umeipata karatasi yake, labda kwenye lile kopo la misumari, ukaifuatisha.

Nimewaza usiku na mchana. Mtu hawezi kwenda kuchukua mguu wa zamani kama wa sasa upo. Nikakumbuka stuli. Nikakumbuka mwaka mzima hujaja. Nikakumbuka na yale niliyokuandikia, natamani ningekata mkono kwanza.

Dada yangu, mguu wako wa kushoto uko wapi?

Kisigino wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Haya, umenishinda. Nilijua utakuwa fundi, sikujua utakuwa fundi wa kiasi hicho.

Nilimwagikiwa na maji ya moto dukani, kwenye mguu, na sikusikia kitu. Nikaendelea kupiga pasi. Jioni navua kandambili naona ngozi imetoka nayo, na bado sisikii kitu. Kumbe ni sukari, nilikuwa nayo siku nyingi bila kujua. Kidonda kikagoma kupona, kikapanda. Wakaniambia ni mguu au ni mimi. Wamekata chini ya goti. Huo ndio mwaka wote uliokuwa unafua shati ukinisubiri, na mimi nilikuwa nazihesabu hizo Jumamosi kama wewe, kitandani, nikijua uko benchi gani.

Usiniulize kwa nini sikusema. Ningekwambia ungefanya nini humo ndani? Ungegonga kichwa ukutani, ungepigana, wakakuongezea kifungo. Nikasema asome kwanza, amalize, atoke. Kisha ukaja na karatasi zako.

Siku ile nilikaa na penseli mkononi mpaka mama pacha, jirani yangu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikafungua kopo. Karatasi zetu zote zimo, Kisigino, zako na zangu, Baba hakutupa hata moja. Kuna moja ya kwako mguu mdogo kama kipande cha sabuni. Nikatoa wa kwangu wa mwisho, nikaweka karatasi mpya juu yake, nikazibandika dirishani kwenye mwanga, nikafuatisha. Nilipofika pale penye mruko nilitaka kuunyoosha. Mkono ukakataa. Ningekuwa namfuta Baba.

Hospitali walinipa mguu wa bandia. Nimemwita Mgeni, maana amekaa nyuma ya mlango tangu aje, hasemi, hafanyi kazi, na nakula mimi tu. Natembelea magongo. Mguu usiokuwepo ndio unaoniuma kuliko uliopo, unajua hilo? Vidole vinabana, kisigino kinawaka, naunyoosha mkono nikande nashika shuka. Daktari anasema ni kawaida. Kawaida ya nani?

Sasa nikwambie la mwisho, lililo moyoni. Siji kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natembea. Wewe ulikuwa nyuma na mabuti yako, mimi mbele na pua juu. Nikiingia kwenye lango hilo na magongo utaniona vingine, na ile picha uliyonayo, ya kibarazani, itafutika. Wewe humo ndani huna vitu vingi. Nilitaka hiyo ubaki nayo.

Na mtahini anataka kusikiliza kiatu. Kwangu atasikia nini?

Mvalishe askari, baba. Safari hii nasema kwa wema.

Dada yako


14 Juni

Shikamoo Dada,

Nimelia karakana, mbele za watu. Mwalimu akauliza kuna nini, nikasema gundi. Akaivuta barua mkononi mwangu, akaisoma yote. Kisha akasema, "Na kwangu gundi imeingia."

Sikiliza sasa, na usinikatize. Mteja wangu ni wewe. Nimeshamwambia Mwalimu, Mwalimu kawaandikia watahini, wamejibu kwamba mteja ni mteja. Askari niliyemchagua nimemwomba radhi, na amefurahi, alikuwa anaogopa kutembea mbele za watu.

Mtoe Mgeni nyuma ya mlango. Mweke kwenye karatasi, mchore vizuri pande zote, na unipimie kimo cha kifundo. Yeye kifundo chake hakikunjiki, kwa hiyo kiatu chake lazima kifunguke mpaka karibu na vidole, aingie kwa heshima, kisha ukifunge kwa mikanda. Ndani lazima kimshike vizuri asicheze. Kisigino kiwe sawa kabisa na cha kulia, kikizidi hata kidogo tu kiuno kitakulipisha. Hayo yote nimejifunza kwa siku hizi chache. Mwalimu amemleta fundi wa viungo bandia wa hospitali akatufundisha darasa zima, na sasa vijana sita hapa wanaijua kazi hiyo kwa sababu yako. Cha kulia nimekianza. Nundu nimeiachia nafasi yake, ikae kama kwenye kochi.

Sasa hiyo picha. Dada, unadhani nilikuwa naangalia miguu yako? Mimi nilikuwa nyuma, na mabuti yale yalinifika magotini. Nilikuwa naangalia mgongo wako nisipotee. Huo sijasikia kama wameukata.

Nimeomba ruhusa kwa afande wa barua, yule wa ramani. Siku ya vyeti utatembea wewe, na mimi nitatembea nyuma yako, hatua mbili. Ukiyumba nipo. Aliuliza sababu, nikamwambia ndiyo kazi yangu tangu utotoni. Akagonga muhuri.

Nichoree Mgeni.

Kisigino


18 Julai

Kisigino wangu,

Marahaba, na pole na gundi, maana mchoro wa Mgeni niliutuma bila hata salamu.

Ofisa ustawi alikuja leo na viatu nivijaribu, yuko hapa anakunywa chai anaisubiri barua hii arudi nayo. Wekundu huu umeupata wapi? Ni uleule. Nimeviweka mapajani kwanza, nikavinusa kama mwendawazimu, ofisa akajifanya anaangalia dirishani. Vinanuka kama kibarazani, Kisigino. Nimemwona Baba, nimeiona na foleni ya stempu, nimekuona na wewe na kamasi zako.

Nilimvalisha Mgeni, nikafunga mikanda. Kabla ya hapo nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya kiatu chake, nikasikia soli ya ndani ina kitu pembeni. Nikaitoa. Umeikata kwa mstari wa Baba. Mruko upo, umeufuata ulivyo, na hakuna atakayeuona hata mtahini. Niliishika hiyo ngozi nikapitisha kidole pale penye mruko. Nikairudisha taratibu.

Nikasimama. Gongo moja nikamwachia mama pacha, jingine likabaki kwapani kwa woga tu. Nikatoka korido mpaka mlango wa mwisho nikarudi, pua juu, unanijua. Pacha wake wakatoka kunifuata nyuma.

Nilipokaa, ndipo mguu usiokuwepo ulipoanza mambo yake. Nikauma meno kujiandaa, maana huwa unakuja kama moto. Haukuwa moto. Palepale, kwenye upinde wa unyayo, kitu kikapita polepole, chembamba, kinatekenya. Nikapiga yowe. Nikacheka mpaka machozi, nimeshika goti, ofisa kamwaga chai, mama pacha anauliza una nini, una nini. Nikamwambia niache, kuna mtu ananichora mguu.

Siku ya vyeti nitakuwa stendi kabla ya gari. Fua shati.

Viatu vinarudi na ofisa. Usibweteke, kazi unayo: cha kulia kinalia.

Dada yako